Mwili wa Saumu Ulivyojifunza Kutulia

Mama mmoja wa Utange alinipigia simu majuzi. Hatujuani; nambari yangu kapewa na mwenzake kwenye benchi la kliniki. Tulisalimiana, tukaulizana za nyumbani. Halafu akasema, "Dada, nimeambiwa wako naye alikuwa haketi."

"Alikuwa haketi," nikamjibu.

Hapo akaanza kulia, nami nikamwacha alie, maana kilio kile nakijua. Alipomaliza tulizungumza mpaka chai yangu ikapoa. Nikaona niandike, kwa ajili yake na kwa wengine ambao hawana nambari yangu. Mimi si daktari, wala humu hamna elimu ya daktari. Nitasema yaliyotupata tu.

Jina langu Mwanaisha, na kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Mume wangu, Athumani, huendesha mashine ya kunyanyulia makontena huko Changamwe. Tunakaa Junda, nyumba moja na mavyaa wangu, Bi Fatuma, mamake Athumani. Saumu ni mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa mwezi wa Ramadhani, ndiyo maana ya jina lake, baada ya uchungu mrefu, na alichelewa kulia. Ule ukimya naukumbuka kuliko uchungu wenyewe.

Kila kitu kwake kilikuja kwa kuchelewa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na kutambaa hakutambaa kabisa. Siku moja alishika ukuta akainuka, basi. Watu walisema ana haraka ya kuwa mkubwa, nami nikafurahi. Lakini alipotimiza miaka minne mambo yalikuwa hayafichiki tena. Mlango ukibamizwa, alirusha mikono yote miwili juu kama mtoto mchanga anayedondoshwa, pumzi ikamkwama, kisha kikafuata kilio ambacho hakikunyamazishwa na kubebwa wala tamutamu. Nguo yenye mpira kiunoni hakuivumilia. Alijinyonganyonga mpaka aivue, popote tulipo. Kitanda alikilowesha kila usiku. Alianguka mahali pasipo na cha kumwangusha. Magoti yake yalikuwa na makovu juu ya makovu, na mimi nilizoea kumbeba ubavuni, mtoto wa umri ule, mpaka kiuno changu kikawa kinalala upande mmoja hata nikiwa sijambeba.

Kitu kimoja kilinishughulisha kuliko vyote. Kazi yangu ni mikono ya watu. Bibi harusi akiogopa, mkono wake huniambia kabla ya mdomo. Basi nilimkalisha Saumu mezani nikampa kalamu, na kila alipogeuza kichwa kutazama dirishani, mkono wa upande ule ulinyooka, vidole vikafunguka, kalamu ikaanguka. Akiirudia, akigeuka tena, inaanguka tena. Mwalimu wa chekechea alikuwa amesema mtoto ni mkaidi. Mimi nilitazama ule mkono nikaona haukuwa na ukaidi wowote. Ulikuwa unakifuata kichwa kana kwamba vimefungwa uzi mmoja, na mwenyewe alikuwa akiutazama kwa mshangao kama mimi.

Chekechea walimvumilia muhula mmoja. Kisha mwalimu akaniita pembeni. "Mama Saumu, simchukii mtoto wako," akasema, na niliona kweli hamchukii. "Lakini hakai kwenye kiti. Akianguka, darasa zima lacheka. Akilia, darasa zima lalia. Mpe muda kidogo nyumbani."

Nyumbani alikuwa na muda mwingi mno.

Kisha ikaja harusi ya wifi yangu. Mimi ndiye niliyempaka bibi harusi, na Saumu nilimvalisha gauni la kijani ambalo nilikuwa nimelitoa mpira wa kiunoni. Wanawake walipoingia na kuanza kupiga vugo, zile pembe zikagongwa kwa pamoja karibu na masikio yake, mwanangu alirusha mikono, akagonga sinia la sharubati, na kilio chake kikapanda juu ya nyimbo zote. Vugo likasimama. Katika kile kimya nikamsikia mtu akisema, "Mwana huyu ana kitu." Athumani aliitwa kutoka kwa wanaume. Alipita katikati ya wanawake bila kumtazama mtu, akamchukua mtoto, akatoka naye.

Bi Fatuma alifanya alichokijua. Alikwenda kwa shekhe akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, akamnywesha mjukuu wake kijiko kwa kijiko huku akimsomea. Sikumkataza. Alikuwa akimwombea mwanangu, na mimi pia nilikuwa nikiomba.

Kliniki ya hospitali tulianza wakati wa kaskazi, joto lile la Januari ambalo hata ukuta watoa jasho. Nani hajui yale mabenchi? Wafika alfajiri, wakuta foleni imeshazunguka kona. Saumu hakuwa mtoto wa kukaa foleni. Niliimba, nilimtembeza, nilimlaza kwenye leso sakafuni. Watu wengine walisogea mbali nasi. Lakini palikuwa na mama mmoja wa Changamwe, mwenye pacha mmoja mzima na mmoja ambaye shingo yake haikukaza, aliyesogea karibu. "Nenda ukanywe maji," aliniambia. "Nafasi yako naishika mimi." Sikuwa nimejua kwamba nina kiu tangu asubuhi.

Daktari alimpima Saumu taratibu. Alisema ubongo wake ulipata shida kidogo wakati wa kuzaliwa, kwamba ukuaji wake umechelewa, kwamba hamna dawa ya kumeza, ila kuna mazoezi na kuna mtaalamu wa kumfundisha kusema. Nilitoka nimeshika tarehe ya kurudi. Yule mama wa Changamwe akaniambia kuna dada Magogoni, mtaalamu wa tiba ya viungo, anayewafanyia watoto mazoezi ya aina yake. "Si miujiza," akasema. "Lakini wangu sasa alala."

Kwa neno hilo la kulala ningekwenda hata Tanga.

Huyo dada jina lake Kadzo, Mgiriama, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana. Chumba chake kilikuwa na magodoro sakafuni, mpira mkubwa, machela iliyoning'inizwa darini na mkebe wa brashi laini. Hakumshika Saumu kwanza. Alilala chali kwenye godoro, mtu mzima na sare yake, akawa anajibembeza huku na huku akitazama dari. Saumu akamtazama. Mwishowe alikwenda mwenyewe akalala kando yake.

Ndipo Kadzo akamjaribu. Akamgeuza kichwa, mkono ukanyooka. Akampitisha brashi kando ya uti wa mgongo, kiuno kikaruka upande ule kama samaki.

"Mama Saumu," akaniambia, "kila mtoto huzaliwa na miendo ambayo haiamui yeye. Ukimshtua, atupa mikono. Ukimgusa kiganja, afumba. Ile miendo yamfaa akiwa mchanga, halafu hulala, akaanza kufanya anayoyataka mwenyewe. Ya Saumu haijalala. Yeye akitaka kuandika, mkono una mambo yake."

"Mkono una mambo yake," nikarudia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akisema nilichokiona mezani kwangu.

"Sasa twaweza kuilaza?" nikamuuliza.

"Twaweza kujaribu. Twamrudisha kwenye ile miendo, polepole, tena na tena, mwili uimalize kisha uiache. Siwezi kukuahidi kitu. Wapo madaktari wasioiamini sana tiba hii, nao wana sababu zao. Na kliniki ya hospitali usiache hata siku moja. Ukiiacha, na mimi nitakukataza kuja."

Nilimwamini kwa sababu ya yale maneno ya mwisho.

Mazoezi yenyewe, ukiyatazama, utacheka. Zoezi moja aliliita kiti cha pweza, kwa mfano wa yule mdudu wa baharini mwenye mikono mitano kama nyota: mtoto alala chali juu ya mto, anyooshe mikono na miguu yote, kisha aikunje taratibu ajikumbatie, pumzi ikitoka. Lingine mjusi, la kulala kifudifudi na kukunja mkono na mguu wa upande unaotazama. Lingine paka, la kupiga magoti na kujisukuma mbele na nyuma. Na brashi mgongoni, na kufinyanga unga viganjani. Kila siku, asubuhi na jioni, dakika chache tu, bila kumlazimisha. Hizo dakika chache zilikuwa ndefu kuliko kumpaka bibi harusi miguu yote miwili. Nilikuwa nikilala jamvini kando yake kama Kadzo, dera langu nimelifunga magotini, nikiwa mjusi mtu mzima.

Bi Fatuma alisimama mlangoni akitazama. "Mbona wamfinyanga mwana kama unga?" akauliza.

"Ni dawa yake, mama."

"Dawa hainywewi?"

"Hii hainywewi."

Akaenda zake akitikisa kichwa.

Sasa nisikilize wewe unayeanza, maana hapa ndipo wengi huacha. Baada ya wiki chache Saumu hakupata nafuu. Alizidi. Alilia zaidi, alilowesha kitanda mara mbili kwa usiku, alinirukia maungoni kama amerudi kuwa mtoto wa kunyonya. Nilipungua mpaka pete yangu ikawa yaanguka nikiosha vyombo. Kadzo alisema hutokea, tupunguze kasi, tubaki na zoezi moja tu. Lakini mimi nilikuwa mbele ya mtoto anayelia na mume aliyechoka.

Siku moja Athumani alirudi kutoka kazini, akakuta Saumu amejificha chini ya meza kwa sababu jirani alikuwa akipigilia mabati. Akakaa kitini bila kuvua viatu.

"Mamake Saumu," akaanza, "nimesema na shangazi yangu wa Matuga. Yuko tayari kukaa naye. Kule ni shamba, ni kimya, hamna vugo, hamna mabati. Akikua kidogo akitulia, tutamrudisha."

Sikuamini masikio yangu. "Wamfukuza mwanao?"

"Simfukuzi! Nampeleka mahali asipoteseka. Wewe humuoni anavyoteseka? Kila siku wamvuta, wamkunja, na kila siku yuwalia. Nifanye nini mimi? Nami ni babake."

Sauti yake ilikatika kwenye lile neno. Hasira zangu zote zikaniisha. Nilikuwa nimemdhania kuwa anaona haya, na labda haya ilikuwepo, lakini kilichomuuma kilikuwa kile kile kilichoniuma mimi.

"Nipe mpaka masika yaishe," nikamwambia. "Yakiisha na hali ni hii, tutakaa tena tuseme. Nakuomba."

Alivua viatu. "Mpaka masika yaishe," akasema.

Mvua zikaja. Wanaoijua Junda wanajua ile njia yetu inavyogeuka mto. Magogoni tulikwenda nikiwa nimembeba mgongoni, viatu mkononi, na Kadzo alituwekea taulo mlangoni. Tulifanya kiti cha pweza peke yake, wiki baada ya wiki, mpaka nikawa nikiona nyota usingizini zikijikunja.

Alasiri moja Athumani alikuwa nyumbani, siku yake ya mapumziko. Stima zilikuwa zimepotea, mawingu meusi, na sisi watatu tulikuwa jamvini sebuleni, mimi nikichambua mchele. Radi ikapiga, si ya mbali, ile inayotikisa sufuria. Saumu akatupa mikono juu. Athumani aliruka kumshika, kama siku zote.

Lakini kilio hakikuja. Mtoto alikuwa amelala chali, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka. Kisha taratibu, bila kuambiwa na mtu, akakunja miguu, akakunja mikono juu yake, akajikumbatia, akatoa pumzi ndefu. Radi ya pili ikapiga. Mikono ilistuka, ikarudi pale pale kifuani.

"Usimguse," nikamnong'oneza Athumani.

Alikaa na mikono yake hewani, mkubwa yule, hajui aiweke wapi. Saumu alimgeukia. "Baba," akasema, "ngurumo." Halafu akaanza kuchezea punje za mchele.

Athumani alitoka barazani. Mvua ilikuwa yampiga lakini hakurudi ndani mpaka alipomaliza kufuta uso. Safari ya Matuga haikutajwa tena. Jioni ile ile alilala jamvini akauliza, "Huyo mjusi hulala vipi?"

Bi Fatuma naye alijiunga kwa njia yake. Magoti yake hayamruhusu kushuka chini, lakini kubembeza kunahitaji kitanda tu. Alimlaza Saumu mapajani akambembeza huku na huku kwa mwendo ule ule wa Kadzo, akimwimbia nyimbo alizomwimbia Athumani. Siku moja tulikwenda naye Magogoni. Alimtazama Kadzo akifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipotoka akaniambia, "Ana mikono mizuri. Mwambie siku ya Idi aje kula kwetu." Alikuja, na sahani yake Bi Fatuma aliipakua mwenyewe.

Msimu wa baridi, Julai na Agosti, ndio uliotupa mengi. Kitanda kikaanza kuamka kikavu, mara moja moja, kisha mara nyingi. Siku ya kwanza nilipapasa shuka kote nikidhani nimekosea mahali. Nguo yenye mpira ikakaa kiunoni. Akajifunza kutambaa, ndiyo, miaka mitano na nusu, akazunguka nyumba nzima kwa magoti akicheka, nasi tukamfuata kwa magoti. Siku nyingine nikiwa napaka mkono wa mteja, Saumu alichukua kijiti akachovya kwenye piko, akachora mstari juu ya karatasi. Aligeuka kumtazama mteja. Mkono wake ulibaki pale pale. Mstari ulikuwa umepinda, lakini haukukatika.

Wakati wa vuli alirudi chekechea, darasa la watoto wadogo kuliko yeye. Daktari wa hospitali alimpima akafurahi. Nilimweleza habari ya Magogoni. Akasema kweli, mazoezi hayo bado yana mabishano, na kwamba huenda ni hayo, huenda ni mtaalamu wa kusema, huenda ni umri, huenda ni sisi kushinda naye jamvini kila siku. "Siwezi kukuambia ni kipi," akasema. Nikamjibu kwamba mimi pia siwezi, na vyote nitaendelea navyo. Tukacheka.

Sitaki kukudanganya wewe wa Utange. Saumu hajawa kama watoto wote. Maneno yake bado machache, vishikizo bado vyamshinda, na kwenye harusi tunakaa karibu na mlango. Kuna mtoto tuliyekuwa naye kwa Kadzo ambaye mazoezi haya hayakumsaidia kitu, na mamake alifanya kila nilichofanya mimi. Kwa hiyo usimsikilize mtu anayekuambia hujajitahidi. Fanya kidogo kila siku, mtoto akikataa, mwache. Kula. Lala akilala. Na ukikuta kwenye benchi mama ambaye watu wamesogea mbali naye, wewe sogea karibu.

Mwezi uliopita nilikuwa nachuja hina, jirani yetu wa nyuma, Mama Neema, akaja kwa hasira, kanga kaivuta mpaka kidevuni.

"Mama Saumu, mtoto wako hana adabu."

"Kafanya nini?"

"Kapanda mpera wangu. Anachuma mapera mabichi na kuyatupa. Nimemwambia ashuke, kaninyamazia!"

"Nani kapanda?"

"Saumu! Kwani una mwingine?"

"Kapanda mwenyewe? Hakupandishwa na mtu?"

Mama Neema alinitazama kama mtu aliyeanza kuniogopa. "Mwenyewe. Kama tumbili. Na wewe mbona wacheka?"

Nilikuwa nacheka, ndiyo, na machozi yalikuwa yananitiririka, na mikono yangu ilikuwa imejaa hina sikuweza kuyafuta. Nilimwomba msamaha, nikaahidi kumtia mtoto adabu, nikatoka mbio kuzunguka nyumba.

Alikuwa juu kweli. Mguu mmoja kwenye panda, mkono mmoja umekumbatia tawi, mwingine unalinyakua pera. Aligeuza kichwa akaniona. Mkono uliolishika tawi haukulegea.

Nilikuja nimejiandaa kugomba. Nikafungua mdomo, nikainua mikono yangu ya hina kumpokea.

"Wacha, mama," akasema. "Nashuka mwenyewe."